Mwandikeni Mgeni

Mlabani, Ifakara
8 Februari 1998

Mwanangu Ildefonce,

Pokea salamu zangu, na shikamoo pia. Ni kweli nimekubeba mgongoni, lakini jina ulilo nalo ni la baba yangu mzazi, na siwezi kuliandika bila kuliamkia. Sisi wazima. Mvua ndiyo nzima kuliko sisi wote. Tangu Desemba haijapumzika, barabara ya Mlimba imekatika mara mbili, na juzi kambale wameonekana uani kwa Mzee Festo, wanapita kama wamealikwa. Binti yangu Digna amejifungua salama, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Analia kwa sauti nene, majirani wanasema huyu ni katekista.

Sasa nikueleze jambo. Ile mashine ya kukoboa mpunga aliyotuachia Baba Mdogo wako Melkiori, unajua hali yake tangu tumzike. Mafundi wawili wameifungua na kuifunga, na kila mmoja amebakiwa na skrubu mkononi asijue zilitoka wapi. Mchele ukawa chenga tupu. Wasukuma wanaoleta mpunga kwa mikokoteni ya ng'ombe wananipita mlangoni, wananisalimia kwa adabu zote, halafu wanakwenda kukoboa kwa mwingine. Heri wangenipita kimya.

Jumatatu iliyopita Mzee Festo, yule jirani yetu aliyestaafu reli, alipata mgeni. Ni mwenzake wa zamani, Mzambia, anaitwa Bwana Mulenga, fundi wa karakana ya reli kule Mpika kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa anapita zake kwenda dukani. Akasimama barabarani, akasikiliza injini yangu ikikohoa, akaingia bila kukaribishwa na kuniomba mwiko. Nikadhani ana njaa! Kumbe aliweka ncha ya mwiko kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha reli, "Mama, hii mashine haiumwi. Inaonewa." Kufika jioni mchele ulikuwa unatoka mzima, mweupe, na chenga hazikujaa kiganja.

Nataka awe fundi wangu. Mkewe alishafariki, watoto wake wakubwa, na mwenyewe yuko tayari. Ila mtendaji wa kata ameniambia mtu wa nchi nyingine haajiriwi hivi hivi, kuna hati. Wewe unafanya kazi kwa wakili, unavaa tai, niulizie. Mavuno yanaanza Mei. Nakwambia kweli, msimu huu nao ukinipita nitaiuza mashine kwa mtu wa vyuma chakavu. Siwezi mwaka wa nne kukaa mlangoni nikipokea salamu za mikokoteni.

Na wewe lini utakuja? Kaburi la Baba Mdogo wako limeota nyasi.

Ni mimi Mama Mdogo wako,
Merina


Dar es Salaam
24 Februari 1998

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Ile ya Babu nimeiitikia kwa niaba yake, marahaba. Mpe Digna hongera nyingi. Mimi mzima, joto tu na mafuriko ya mitaani. Usishangae kuona barua ya taipu, naiandika ofisini wakati wakili amekwenda mahakamani.

YAH: KUMWAJIRI RAIA WA KIGENI

Mama Mdogo, kwanza kabisa mtoe huyo bwana mashineni. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Ameingia nchini kwa matembezi, basi na atembee. Kuna sheria mpya ya uhamiaji, si ile ya zamani, na mgeni wa matembezi haruhusiwi kushika kazi hata kwa nusu saa, hata kama ni bure, hata kama kashika mwiko tu. Akikutwa, tatizo si lake peke yake. Wewe mwajiri nawe unaulizwa.

Hati anayohitaji ni ya ukaazi, daraja B. Daraja A ni la wanaokuja na mitaji yao wenyewe. Daraja C ni la wamisionari, wanafunzi na watu wa namna hiyo. Anayeajiriwa ni B, na anayeomba ni mwajiri, yaani wewe. Utajaza fomu nilizofungasha humu, uambatanishe picha zake, nakala ya pasipoti, cheti chake cha ufundi, mkataba wa kazi na leseni yako ya biashara. Utaandika pia barua ya kueleza kwa nini kazi hiyo umekosa Mtanzania wa kuifanya. Eleza kwa hoja, Mama Mdogo. Maneno kama "tunampenda sana" hayana nafasi kwenye fomu.

Halafu liko moja ambalo watu wengi wanalichukulia kirahisi na maombi yao yanarudi. Lazima utaje jina la Mtanzania atakayejifunza kazi kwa huyo mgeni, ili muda wa hati ukiisha ufundi ubaki nchini. Si jina la kubuni. Wanafuatilia.

Na muda wake wa matembezi ukiisha, arudi kwao akasubiri huko. Hati haisubiriwi huku mtu ameshika spana.

Kuhusu kuja, kazi zimenibana sana. Wakili ananitegemea kwa kila kitu.

Wako mtiifu,
Ildefonce


Mlabani
16 Machi 1998

Baba,

Leo nakuita hivyo kwa sababu umenigombeza kama yeye. Barua yako imesomwa na nusu ya Mlabani kabla haijanifikia. Waliona taipu wakadhani serikali inakuja kuchukua viwanja.

Bwana Mulenga nimemtoa mashineni, usiwe na wasiwasi. Nimemwekea kigoda nje ya mlango, upande wa barabarani, na mikono yake nimeifunga kwa kanga mbele ya mashahidi. Anakaa hapo mpole kama bibi harusi. Mimi nipo ndani na spana. Tatizo ni masikio, hayafungiki. Injini ikibadili sauti tu, anaanza kujikunyatakunyata kwenye kigoda, na wateja wanacheka mpaka wanasahau magunia. Sasa usiniambie kujikunyata nako ni kazi.

Tumepata msiba. Mzee Alfonsi, yule mwalimu wa kwaya, amefariki tarehe mbili. Unajua maji yalivyojaa mwaka huu. Vijana wakichimba, kaburi linajaa. Wakichota, linajaa tena. Mjane ameketi, padri amefika, jeneza linasubiri, na watu wazima wanalia kwa aibu si kwa msiba. Bwana Mulenga akavua viatu, akaingia shimoni, akachimba mfereji wa pembeni na kuuelekeza kwenye bonde, huku mvua inampiga mgongoni. Saa mbili baadaye kaburi likakauka, tukamlaza mzee wetu pakavu. Sisi nawe unatujua, mtu akishashika jembe kwenye kaburi letu habari ya ugeni imekwisha. Tangu siku hiyo watoto wanamwita babu, na akipita mtu anasimama.

Kwa hiyo nimekutumia karatasi zote, na nimekuongezea moja ambayo hukuiomba. Ni barua ya watu wa Mlabani, sahihi arobaini na moja na dole gumba sita, imeandikwa na balozi wetu wa nyumba kumi, Viktor, kwa mwandiko wake ule wa madaha. Nina hakika wakiisoma hiyo hawatauliza tena.

Jina la wa kujifunza nimeliacha wazi kwanza. Vijana wa hapa nimewajaribu. Alex mume wa Digna injini ikiwaka anafumba macho, na wengine wote wanataka kuendesha pikipiki. Nitafikiri.

Pasaka unakuja?

Merina


Dar es Salaam
6 Aprili 1998

Mama Mdogo,

Shikamoo. Poleni sana kwa Mzee Alfonsi, alinifundisha kuimba besi na alinichapa kwa kuimba tenori. Huku mimi sijambo. Samahani naandika kwa mkono, taipu ya ofisi imeharibika.

Maombi yamerudi. Kaa chini kwanza ndipo uendelee.

Ofisa anayeshughulikia ni mama mmoja wa makamo, miwani yake ameining'iniza kwa uzi shingoni. Alisoma kila kitu taratibu. Cheti akakisifu. Mkataba akausifu. Akafika kwenye barua ya balozi Viktor, akaanza kutabasamu, halafu akaacha. Akanisomea kwa sauti: "Sisi wakazi wa Mlabani tunathibitisha kwamba Ndugu Mulenga si mgeni, ni mwenzetu, mwenyeji na mtoto wa hapa hapa nyumbani." Akavua miwani. Akaniuliza, "Kijana, kama ni mtoto wa Mlabani, hati ya mgeni mnaomba ya nini? Na kama ni Mzambia, kwa nini kiongozi wenu ananithibitishia kwa muhuri kwamba si mgeni? Mnamficha?"

Mama Mdogo, jasho lilinitoka. Nikamweleza habari ya kaburi na mfereji. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nadhani ilimgusa. Kisha akasema yeye hana mahali pa kuandika kaburi. Faili lenye maneno mawili yanayopingana hawezi kulipitisha, na akilipitisha atakayeumia ni huyo huyo mzee.

Kwa hiyo zinahitajika barua mbili upya. Viktor aandike wazi kwamba Mulenga ni mgeni, raia wa Zambia, kaingia lini, kafikia kwa nani. Aitie muhuri ule ule. Na wewe jaza jina la wa kujifunza. Safari hii bila jina hata hawatalipokea.

Muda wake wa matembezi unaisha tarehe 30. Asizidishe hata siku moja, tafadhali. Akizidisha tumekwisha.

Nitapita pale ofisini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kufuatilia.

Pasaka sitaweza.

Ildefonce


Mlabani
3 Mei 1998

Mwanangu Ildefonce,

Salamu nyingi. Mjukuu wangu ameanza kucheka, mvua imepungua, mpunga umeinamisha vichwa kutoka hapa mpaka Mchombe, na mimi nina hasira, furaha na mafua kwa wakati mmoja.

Viktor aligoma. Nilimpelekea maneno yako, akaniangalia kama nimemtukana mamake. "Merina," akasema, "mimi niandike kwamba mtu aliyemlaza Alfonsi pakavu ni mgeni? Nikitoka hapa nipitie wapi?" Nikamwambia ni karatasi tu. Akasema karatasi ina muhuri, muhuri ni wake, na yeye hasemi uongo kwa muhuri. Nikamwita kichwa cha kambale. Akaniambia na mimi pia.

Basi tukaitisha kikao cha nyumba kumi, tukajikuta nyumba kama hamsini. Kila aliyesimama alisema hapana. Mjane wa Alfonsi alisimama akasema yeye akisikia neno hilo limeandikwa atakwenda kulifuta kwa mate. Nikaona msimu wangu unakwenda, na fundi wangu anaondoka, kwa sababu ya upendo mtupu. Nililia, Ildefonce, mbele za watu, sikuficha.

Ndipo Bwana Mulenga akaomba kusema. Alikuwa amekaa nyuma, mikono ndani ya kanga kwa mazoea tu. Akasema, "Ndugu zangu, nimefanya kazi ya reli. Behewa lisiloandikwa kwenye karatasi, hata kama ni zuri namna gani, haliruhusiwi kupita. Linabaki pembeni mpaka linaota kutu. Mimi sitaki kubaki pembeni. Mwandikeni mgeni huyu Mulenga, apite. Akisharudi, mtamwita mnavyotaka."

Viktor akatoa kalamu. Herufi zilimpinda na mwandiko wa madaha wote ukamtoka, lakini aliandika, tena akamwingiza kwenye lile daftari lake la wageni, lile analoandika kila anayelala kwetu ambaye si mwenyeji. Muhuri akaupiga huku ameangalia pembeni.

Tarehe 28 tulimsindikiza stesheni. Kuku wawili, mchele kilo ishirini, na mjane wa Alfonsi akamvika kofia ya marehemu mumewe, ile ya kuendea kwaya. Ameniachia mwiko. Amesema nisiupikie.

Barua zote zimo humu. Fomu ya jina la wa kujifunza nimeijaza, nimeifunga kwenye bahasha yake na gundi ya ugali. Usiifungue. Mkabidhi yule mama wa miwani mkononi. Ni mtu wa nyumbani, amekulia kwenye pumba za mashine hii, inatosha kujua hivyo.

Wewe taipu yenu bado haijapona? Na huyo wakili wako ana roho nzuri sana, anakuruhusu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Mama Mdogo wako


Dar es Salaam
28 Mei 1998

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimesoma habari ya kikao mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti kwa jamaa ninayekaa naye chumba kimoja. Naye alipangusa macho, ingawa anasema ni vitunguu. Usijali karatasi ya daftari, zile za ofisi zimekwisha.

Bahasha nimeikabidhi bila kuifungua, ingawa gundi yako ilikuwa imeshaachia. Ofisa aliisoma, akaniangalia, akaisoma tena, akaiweka kwenye faili. Sikuelewa. Barua ya Viktor aliishika muda mrefu. Akasema, "Huyu aliyeandika hii alikuwa analia." Amesema turudi baada ya wiki chache, faili lazima lipite na kwa watu wa ajira.

Sasa hiyo habari uliyomwambia Digna aniandikie, kwamba mashine imeanza tena chenga. Usiifungue injini, Mama Mdogo, injini haina kosa. Mpunga wa mwaka huu umelowa kuliko miaka yote. Waambie wateja waanike siku mbili zaidi, juani, wageuze kila saa. Halafu kabla ya kukoboa chukua punje uiume. Ikibonyea chini ya jino, warudishe. Ikikatika kwa mlio, pitisha. Baba Mdogo alikuwa akiniita nitoke kucheza nije niume punje, anasema meno yangu ni mapya hayadanganyi. Na roli za mpira, zile zinazobana mpunga, zilegeze robo mzunguko, si zaidi, ule upande wa dirishani ndio unaokaza. Upande huo alikuwa anaukumbusha kwa kuupiga kofi.

Sijui kwa nini nimeandika kirefu hivi. Leo palikuwa na watu wengi kwenye benchi la uhamiaji.

Ildefonce


Dar es Salaam
9 Julai 1998

Mama Mdogo!

Shikamoo, shikamoo, na tena shikamoo. IMETOKA! Hati ya ukaazi daraja B, Bwana Mulenga, fundi wa mashine za kukoboa, Mlabani, Ifakara, miaka miwili. Nakala nimeshamtumia Mpika kwa rejista, na nyingine hii hapa. Nilitoka pale ofisini nikamsalimia kila mtu barabarani, hadi askari wa trafiki.

Kisha nikasoma karatasi ya pili.

"Mtanzania atakayejifunza na kurithi kazi: Ildefonce." Jina langu lote, mpaka la ubatizo. Nilirudi mbio kwa yule mama. Nikamwambia kuna makosa. Akasema, "Makosa yapi? Huyu si wewe?" Nikasema ni mimi, lakini mimi ninaishi Dar. Akavaa miwani ili aniangalie vizuri. "Hati hii nimeitoa kwa sababu barua ya mwajiri inasema kijana huyu amekulia kwenye mashine hiyo na atakuwepo. Mtu wetu wa mkoani Morogoro atapita kuangalia. Akimkuta mgeni anafanya kazi na mwanafunzi hayupo, ataniuliza mimi." Nikamuuliza atapita lini. Akasema hilo hawaambii watu.

Mama Mdogo, umefanya nini? Ungeniuliza! Mimi nina kazi yangu, nina majukumu, siwezi kuondoka hivi hivi nikamwacha wakili. Nakusihi, andika haraka barua ya kubadilisha jina. Weka la Alex, afumbe macho hivyo hivyo. Mavuno yako katikati, na Bwana Mulenga akipanda treni kabla hatujarekebisha, tutakuwa tumemwita aje aaibike.

Sijakasirika. Basi, nimekasirika kidogo. Jibu upesi.

Ildefonce


Mlabani
19 Julai 1998

Mwanangu, baba yangu, Ildefonce,

Salamu zangu zote, na za wale uliowaponyesha kwa kalamu. Ulivyosema ndivyo tulivyofanya. Tumeanika, tumeuma, upande wa dirishani nimeulegeza robo na kuupiga kofi. Chenga zimekwisha. Jumatano nilikuwa na mikokoteni tisa mlangoni, ng'ombe wamejaa hadi kwa Mzee Festo, na kila mtu anauma punje kabla ya kushusha gunia, mlio umejaa uani. Watu wananiuliza nimepata fundi gani. Nasema ninaye mmoja, anafundisha kwa barua.

Jina sibadilishi.

Sasa nisikilize bila kunikatiza. Barua yako ya Februari ilikuwa ya taipu, ya Aprili ya mkono, ya Mei ya daftari, na hii ya Julai umeandika nyuma ya tangazo la kuuza godoro. Mimi sikusoma sana, lakini karatasi naijua. Mwezi Aprili ule ule, bintiye Mzee Festo alipita kwenye ofisi yenu kukusalimia. Akakuta kufuli. Jirani akamwambia wakili amehamia Arusha tangu Machi. Akakuulizia, akaambiwa unabeba maboksi Kariakoo siku ambazo hupo kwenye benchi la uhamiaji. Tangu siku hiyo ninajua, na kila barua nimekupa mlango utokee. Umekataa kila mara, na tai umevaa.

Kubeba maboksi si aibu. Kinachoniuma ni kwamba uliogopa mimi nisikuone umeanguka, wakati mimi ndiye niliyekufundisha kutembea. Siku ile ulipoondoka, Baba Mdogo wako alisema mwacheni aende, mashine haikimbii. Hakuwa na kinyongo, mwanangu. Alikufa akiwa anasubiri meno yako. Kama ndilo hilo linalokuzuia usikanyage hapa zaidi ya siku mbili za mazishi, liondoe.

Na usidhani nimekuonea huruma. Niliposoma kwamba wanataka Mtanzania wa kujifunza, nilijaribu vijana wote wa kata, na kila aliyeshindwa nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Sheria hiyo unayoiandikia YAH kwa herufi kubwa, mimi naiona ina akili sana. Inasema mgeni asikae kama mwenyeji hayupo. Basi mwenyeji na awepo.

Bwana Mulenga ameandika. Atateremka hapa Ijumaa ya tarehe 31, hati mkononi. Watu wa kwaya wanashona sare.

Jambo moja limebaki. Jana Viktor alikuja na daftari lake la wageni. Anajiandaa, maana sasa amekuwa mtu wa sheria kuliko wewe. Jina la Mulenga ameshaliweka, kisha akaniuliza, "Na huyu Ildefonce? Miaka minne hajalala hapa siku tatu. Kwa kanuni zangu naye ni mgeni." Nilifungua mdomo nimgombeze, nikahesabu siku kwa vidole, nikaona ni kweli. Ameandika nambari na tarehe, nafasi ya jina ameiacha. Kalamu anayo sikioni, anasema atasubiri mpaka Jumamosi ya tarehe mosi Agosti.

Mimi niliyekubeba,
Merina


SIMU YA MAANDISHI
Dar es Salaam, 29 Julai 1998

MERINA MLABANI IFAKARA
NAFIKA JUMAMOSI KWA TRENI NA MIZIGO YANGU YOTE. VIKTOR AFUNGE DAFTARI. NIACHIENI PUNJE YA KUUMA.
ILDEFONCE